SOMO LA KIKUNDI: TUNUNUE DAWA GANI YA KUSAFISHIA FILAMU?



Somo letu safari hii limetokana na swali la vijana. Kikundi kimoja upande wetu wa Mbita kilipewa na mgeni kamera tatu za zamani za filamu, tangi dogo la kusafishia, na filamu kadhaa nyeusi na nyeupe. Mgeni akaenda zake. Vijana wamepiga filamu sita tayari, na sasa wanataka kutoa pesa ya chama ili wanunue dawa, wasafishe wenyewe. Wameulizia Nairobi, wakatajiwa majina zaidi ya matano, na kila muuzaji anasifu yake. Swali lao ni moja: tununue ipi?

Kabla ya kujibu, mzee mmoja kwenye mkutano aliuliza jambo la maana. Kwani nani anataka filamu siku hizi, na simu zimejaa kila mfuko? Tuseme ukweli. Zamani mpiga picha alikuwa anakuja kwa chifu siku ya vitambulisho, anapanga watu mstari, na jioni anaondoka na pesa yake. Biashara hiyo imekwisha. Kikundi kisitoe hata shilingi kikitegemea picha za kitambulisho au za pasipoti. Filamu ina kazi mbili tu kwetu leo. Ya kwanza ni mafunzo: kijana anajifunza kupima, kuandika na kungoja. Ya pili ni picha za kumbukumbu, kama picha ya bibi na babu nyumbani kwao, ambayo familia inataka idumu. Negativu iliyosafishwa vizuri ni kitu cha kushika mkononi. Picha nyingi za Tom Mboya tunazozijua ni nyeusi na nyeupe. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa kwao Rusinga hapa jirani, na miaka zaidi ya 50 imepita. Simu ikianguka ziwani leo, picha zake nyingi huenda nayo.

Kwa hivyo kazi ina maana, lakini ni ndogo, na pesa ya kuanzia iwe ndogo vilevile. Hilo tulishike tunapochagua.

Dawa inafanya nini

Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini, na ndani ya jelatini kuna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Fedha hapa si pesa, ni yale madini ya pete na bangili. Mwanga ukiingia kwenye kamera unagusa baadhi ya chembe na kuziachia alama isiyoonekana kwa macho. Dawa ya kusafishia, ambayo wapiga picha wanaiita divelopa, inatafuta chembe zilizoguswa na kuzigeuza kuwa fedha kamili, nayo kwenye filamu huonekana nyeusi. Ndiyo sababu kwenye negativu shati jeupe ni jeusi, na uso wa mtu mweusi unang'aa kama mbalamwezi. Baadaye inakuja dawa ya pili, fiksa, inayoondoa chembe ambazo hazikuguswa, ili filamu iweze kutolewa kwenye mwanga.

Ndani ya divelopa nyingi mna vitu vinne. Kuna kinachofanya kazi yenyewe, kama vile metoli au haidrokwinoni. Kuna magadi ya aina fulani ya kukipa nguvu. Kuna salfaiti ya kukilinda kisiharibiwe na hewa. Halafu kuna bromaidi kidogo, kama breki, isije ikageuza hata chembe zisizoguswa. Ukielewa hao wafanyakazi wanne, majina makubwa kwenye pakiti hayatakubabaisha. Dawa moja hutofautiana na nyingine kwa vipimo vya hawa wanne na kwa muda inaokaa bila kuharibika.

Jambo la kwanza ni joto letu, si jina la dawa

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hapa nitakaa kidogo. Karatasi za viwanda zimeandikwa kwa maji ya digrii 20. Huko Ulaya si vigumu kuyapata. Kwetu maji ya ziwa huwa karibu digrii 25, na yaliyoshinda kwenye tangi juani yanapita hapo kwa mbali. Divelopa ni kama chakula motoni: moto ukizidi, kinaiva upesi na kuungua upesi.

Tuchukue mfano. Filamu ya HP5 Plus ya kampuni ya Ilford, ukiisafisha kwa dawa ya ID-11 isiyoongezwa maji, kwa digrii 20 inataka dakika 7 na nusu. Kwa digrii 24 muda unashuka hadi kama dakika 5 na robo. Kwa digrii 26 ni kama dakika 4 tu. Sasa fikiria tangi linachukua sekunde 15 kujaa na sekunde 15 kumwaga. Kwenye dakika 4, nusu dakika ni nyingi. Upande mmoja wa filamu unaiva kabla ya mwingine, na mbingu kwenye picha inatoka na mabaka. Wapiga picha wana kanuni yao ya siku nyingi: usisafishe filamu kwa muda ulio chini ya dakika 5.

Dawa ni kuongeza maji. Ile ile ID-11, ukichanganya sehemu moja ya dawa na sehemu moja ya maji, inataka dakika 13 kwa digrii 20. Kwa digrii 24 ni kama dakika 9, na kwa 26 kama 7 na nusu. Umepata nafasi ya kufanya kazi bila haraka, na dawa imekwenda mbali zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "Ni nzuri?" Muulize, "Naweza kuizimua kwa maji, na inachukua dakika ngapi kwa digrii 24?" Asiyeweza kukujibu, mwombe karatasi ya kiwanda uisome mwenyewe.

Mombasa kwa Parekh na Lamu kwenye Studio ya Bakor walifanya kazi hii miaka mingi, na Pwani kuna joto kuliko kwetu. Haishindikani. Sisi tuna kitu ambacho hata duka la Nairobi halina: mtungi wa udongo, ile dapi ya bibi. Maji yakikaa humo usiku kucha mahali penye upepo, yanashuka digrii kadhaa bila umeme wala barafu. Fanya kazi alfajiri, kabla jua halijapanda. Teka maji ya kazi yote kutoka mtungi huo huo: ya divelopa, ya kusuuza, ya fiksa na ya kuoshea. Jambo hili wengi hulipuuza. Jelatini ikitoka kwenye dawa ya digrii 22 na kuingia kwenye maji ya digrii 30 inavimba na kukunjamana, na filamu inatoka na mipasuko kama tope lililokauka ufuoni. Hakuna dawa ya kurekebisha hapo.

Kwa hivyo kitu cha kwanza kununua, hata kabla ya divelopa, ni kipimajoto. Usikadirie kwa kidole.

Kuhusu maji yenyewe: ya ziwa yana tope na mwani. Yachemshe, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora zaidi, nayo yachujwe.

Unga, maji mazito, au kahawa

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Majina ni mengi, lakini kwa kikundi kinachoanza nimeona njia tatu tu za kujadili.

Njia ya kwanza ni unga wa pakiti. Ulio maarufu kuliko yote ni D-76 ya Kodak. Ilitoka mwaka 1927, na vipimo vyake si siri: kwa lita moja ya maji ni gramu 2 za metoli, gramu 100 za salfaiti, gramu 5 za haidrokwinoni na gramu 2 za boraksi. ID-11 ya Ilford ni ndugu yake wa tumbo moja, na matokeo yao ni karibu sawa, basi nunua yoyote utakayoipata kwa bei nafuu. Inatoa picha laini, yenye weusi na weupe uliopangika, na makosa madogo inayavumilia. Unga ukiwa umefungwa unasafiri kwa basi kutoka Nairobi bila kumwagika.

Shida yake inaanza siku unapoukoroga. Dawa iliyokorogwa inakaa kama miezi sita kwenye chupa iliyojaa hadi shingoni na kufungwa vizuri. Chupa ikiwa nusu, hewa inaila, na unabaki na kama miezi miwili. Kwa joto letu, hesabu pungufu ya hapo. Mtu atasema basi tukoroge nusu pakiti, nyingine tuwape kikundi jirani. Hapana. Unga ule umechanganywa, na vitu vyake havikai sawasawa ndani ya pakiti. Nusu yako inaweza kuwa na salfaiti tupu, na jirani akabaki na metoli yote. Pakiti ikifunguliwa inakorogwa nzima.

Njia ya pili ni dawa ya maji mazito kama Rodinal. Hiyo ni ya zamani kupita zote zinazouzwa mpaka leo. Agfa wa Ujerumani walianza nayo mwaka 1891, na sasa utaikuta pia kwa majina mengine kama R09 na Adonal. Unachota kidogo kwa sindano isiyo na ncha, unaongeza maji, unatumia mara moja, unamwaga. Kwa kipimo cha sehemu moja kwa maji 50, tangi la mililita 300 linataka mililita 6 tu. HP5 Plus hapo inachukua kama dakika 11 kwa digrii 20, muda unaofaa sana kwa joto letu. Sifa yake kubwa ni kudumu: chupa iliyofunguliwa inakaa miaka, hata ikigeuka rangi ya chai ya mkandaa. Kikundi kinachosafisha filamu moja leo na nyingine baada ya miezi minne hakitaona hasara.

Lakini ina mambo mawili. Chembe zake zinaonekana, hasa kwenye filamu za kasi ya 400; uso wa bibi utatoka na ukwaruzo kama mchanga. Wengine wanaupenda, wateja wengi hawaupendi. La pili ni zito zaidi. Ikiwa bado haijaongezwa maji ni kali, inaunguza ngozi na inaweza kuharibu jicho. Nyumba yenye watoto wadogo na isiyo na kabati la kufuli isiiweke.

Njia ya tatu itawafurahisha, nayo ni kahawa. Si mzaha. Mwaka 1995, mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake huko Rochester, Marekani, mji ule ule wa kampuni ya Kodak, walionyesha kwamba kahawa ya unga inayoyeyuka, ikichanganywa na magadi ya kufulia, inasafisha filamu. Baadaye wengine waliongeza vitamini C, na kazi ikawa bora. Kipimo kinachotumika sana kwa lita moja ni gramu 54 za magadi safi makavu, gramu 16 za vitamini C ya unga, na gramu 40 za kahawa. Kwa tangi la mililita 300, hiyo ni kama gramu 16, gramu 5 na gramu 12. Muda ni dakika 15 kwa digrii 20, na upunguze kadiri joto linavyopanda. Koroga magadi kwanza mpaka maji yawe angavu, kisha vitamini, mwisho kahawa. Tumia ndani ya saa moja, haiwekeki.

Kahawa ya bei ya chini, ile ya robusta, inasemekana ndiyo yenye nguvu zaidi kwa kazi hii. Robusta inalimwa ng'ambo ya ziwa letu, Bukoba, ambako Africafe inatengenezwa. Ile nzuri ya mlima waachieni wanywaji.

Ila sikilizeni vizuri kuhusu magadi. Magadi ya mawe tunayopikia mboga, ambayo kina mama wa hapa wanaita bala, si kitu kile kile. Yana magadi makali na magadi baridi pamoja, maji ndani yake, na udongo. Ukiweka gramu 54 za hayo dawa itakuwa dhaifu, na picha itatoka kama ukungu wa asubuhi. Kinachotakiwa ni unga mweupe wa magadi yaliyochomwa viwandani, unaouzwa na wenye maduka ya kemikali na watengeneza sabuni. Vitamini C nayo iwe unga mtupu. Vile vidonge vya kutafuna vina sukari na rangi. Tena utahitaji mizani inayosoma gramu moja moja, kama ile ndogo ya wanunuzi wa dhahabu kule Macalder, Migori. Mizani ya duka la sukari haisomi gramu 5.

Picha za kahawa zinatoka, lakini kahawa haiko sawa kila kopo, na filamu ya kasi kubwa hufunikwa na ukungu kidogo. Tumieni filamu ya 100, na iwe ya mazoezi. Harufu yake, nawaambia mapema, ni ya kufukuza wageni.

Ushauri wangu kwa wale vijana

Wana filamu sita. Lita moja ya ID-11 au D-76, ikizimuliwa nusu kwa nusu, inatumia mililita 150 za dawa kwa kila filamu kwenye tangi la mililita 300. Mara sita ni mililita 900. Pakiti moja ya lita moja inamaliza kazi yote, na kinachobaki ni kidogo. Basi wanunue pakiti moja tu ya lita moja, wasikubali ile kubwa eti kwa sababu ni rahisi kwa hesabu ya lita. Kubwa inayoharibikia chupani ni ghali. Waikoroge Ijumaa, wasafishe zote ndani ya wiki moja au mbili. Wakishamaliza, filamu zinazofuata wazikusanye mpaka zifike tano au sita ndipo wanunue tena. Filamu iliyopigwa ikikaa kwenye kopo kavu, mahali pa baridi, inangoja wiki kadhaa bila shida. Dawa iliyokorogwa haingoji hivyo.

Kikundi kingine kinachopiga filamu moja moja, chenye mtu mzima anayeaminika na kabati la kufuli, kinaweza kuchukua Rodinal. Kahawa iwe ya kufundishia wanafunzi siku ya kwanza, ili dawa ya kununua isipotee kwa mikono ambayo haijazoea.

Bei zinabadilika, sitaziandika. Mweka hazina achukue bei ya pakiti, aongeze nauli ya parseli, agawanye kwa idadi ya filamu zitakazosafishwa kweli, si zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Aongeze sehemu ya fiksa. Hiyo ndiyo gharama ya filamu moja, na bado hujahesabu bei ya filamu yenyewe. Kama mteja hawezi kuilipa pamoja na faida kidogo, mjue mnafanya mafunzo, si biashara. Mafunzo si mabaya, ila yaandikwe hivyo kwenye kitabu cha chama. Kuchapisha picha kwenye karatasi kunataka mashine nyingine, lakini kwa kuanzia mnaweza kuweka negativu juu ya kioo cheupe chenye mwanga, kuipiga kwa simu, na kuigeuza rangi humo humo.

Fiksa haina mbadala wa jikoni

Kwenye divelopa unaweza kucheza na kahawa. Kwenye fiksa nunua ya kiwanda. Ndiyo inayofanya picha idumu. Chukua kipande cha mwanzo wa filamu, kitumbukize kwenye fiksa, hesabu mpaka kiwe angavu, kisha filamu yako uipe mara mbili ya muda huo. Kuosha kusikutishe kwa maji mengi. Jaza tangi maji, geuza mara 5, mwaga. Jaza tena, geuza mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, geuza mara 20, mwaga. Inatosha kabisa. Anika ndani ya nyumba iliyofungwa. Sisi watu wa ziwa tunawajua sami: jioni moja wakitua kwenye filamu mbichi, hutoi hata mmoja bila kung'oa picha.

Usalama wa nyumba na wa ziwa

Kama mfanyakazi wa jamii, hapa ndipo moyo wangu ulipo. Dawa ya filamu isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. ID-11 iliyokorogwa ni angavu kama maji. Divelopa ya kahawa ni kama soda nyeusi. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma lebo. Tafuta chupa za rangi nyeusi au za umbo ambalo mtoto halitamani, chora fuvu, andika kwa Kiswahili na kwa Dholuo, na ufungie. Mtu akinywa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja pamoja na ile chupa, daktari aione. Dawa ikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali.

Vaeni glavu. Metoli huwasha ngozi ya watu wengine mpaka wanapata vidonda, na ikishakukataa mara moja itakukataa daima. Haidrokwinoni ni ile ile iliyokuwa ikitiwa kwenye krimu za kujichubua, na hapa Kenya imepigwa marufuku katika vipodozi. Mama mjamzito au anayenyonyesha apewe kazi ya kuandika muda, asishike dawa.

Vyombo viwe vya kazi hii peke yake. Tena msikoroge kwenye sufuria zetu za alumini, maana magadi makali yanaila alumini na dawa inaharibika. Jagi la plastiki linatosha.

Na mabaki? Divelopa iliyotumika, kwa kiasi kidogo cha kikundi, izimuliwe kwa maji mengi na kumwagwa kwenye shimo la choo lililo mbali na kisima na ufuo. Fiksa iliyotumika ni jambo jingine, kwa kuwa imebeba ile fedha iliyotoka kwenye filamu, na fedha hiyo inadhuru viumbe wadogo wa majini, ambao ndio chakula cha omena. Isimwagwe ziwani, wala mtoni, wala mtaroni unaoelekea ziwani, wala chooni. Iwekwe kwenye jerikeni lenye alama. Mkitia ndani yake waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria na kuuacha siku kadhaa, fedha inashuka chini kama tope jeusi. Hata hivyo jerikeni likijaa, ulizeni ofisi ya NEMA ya kaunti ni nani mwenye leseni ya kulichukua. Kikundi ambacho hakijakubaliana mahali pa kuweka jerikeni hilo kisinunue dawa kwanza.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

Kwa mwezi mmoja tutapiga filamu ngapi kweli, si kwa ndoto? Nani atakaa na ufunguo wa kabati, na akisafiri nani atashika? Maji ya mtungi wetu saa kumi na mbili asubuhi ni digrii ngapi, na ya tangi la mabati saa nane mchana ni ngapi? Pimeni siku tatu mfululizo na mwandike.

Zoezi la kufanya kabla ya filamu ya kwanza

Kateni kipande cha sentimita tatu kutoka mwanzo wa filamu, ile sehemu iliyokwisha kuona mwanga. Kitumbukizeni kwenye divelopa yenu mchana kweupe, wote mkitazama. Dawa ikiwa hai, kipande kitaanza kuwa cheusi na ndani ya dakika chache kitakuwa cheusi kabisa. Kikibaki kijivu, dawa imekufa, hata kama chupa ni mpya na muuzaji ni rafiki. Rudieni jaribio hili kila mara kabla ya kusafisha, maana zipo divelopa zinazokufa bila kubadilika rangi. Kisha tumbukizeni kipande kingine, ambacho hakijapitia divelopa, kwenye fiksa, na mwandike sekunde mpaka kiwe angavu. Namba hizo mbili, pamoja na digrii za maji, ziandikwe kwenye kitabu cha kikundi, ukurasa wa kwanza.